Mtandao wa neva wa grafu haukamati walaghai: dalili, vyanzo na tiba pale usipokuwa na lebo

Ubaya wa kufundisha modeli bila lebo, yaani bila mifano iliyothibitishwa kuwa ya ulaghai au ya uaminifu, ni kwamba ikiharibika hailalamiki. Programu inakwenda hadi mwisho, hasara (kipimo cha kosa la modeli wakati wa mafunzo) inashuka, kila akaunti inapata alama yake, na bado orodha wanayopelekewa wachunguzi ni upuuzi mtupu. Hakuna ujumbe wa kosa popote. Kwa hiyo hapa tunaanza na kile unachokiona kwenye matokeo, halafu tunarudi nyuma kutafuta kinachokisababisha.

Nachukulia kwamba una grafu ya miamala. Nodi ni akaunti, kadi, vifaa au anwani za IP, na viungo ni malipo au matumizi ya kitu kimoja kwa pamoja. Mtandao wa neva wa grafu ni modeli inayoisoma kila nodi pamoja na taarifa za majirani zake. Nachukulia pia kwamba unatumia mojawapo ya familia mbili. Ya kwanza ni otoenkoda ya grafu, iliyoletwa na Kipf na Welling mwaka 2016, ambayo DOMINANT ya mwaka 2019 iliitumia kusaka nodi zisizo za kawaida: modeli inajaribu kuijenga upya grafu na sifa za nodi, na nodi inayojengwa vibaya inapata alama kubwa. Ya pili ni mafunzo ya ulinganishi, kama DGI ya mwaka 2018 na CoLA ya mwaka 2021, ambamo modeli hujifunza kutambua kama nodi inaendana na majirani zake au la.

Familia zote mbili zinapima ugeni. Hakuna hata moja inayopima ulaghai. Sehemu kubwa ya dalili zinazofuata zinatokana na pengo hilo, na mara nyingi tiba haiko ndani ya modeli bali kwenye grafu uliyoijenga.

Kabla ya kugusa chochote: weka vipimo vitatu vya kijinga

Panga nodi zako kwa idadi ya viungo. Zipange tena kwa ukubwa wa vekta ya sifa, yaani safu ya namba zinazoieleza nodi. Kisha endesha Isolation Forest, mbinu ya kusaka vitu visivyo vya kawaida, juu ya sifa zilezile bila grafu kabisa. Linganisha orodha hizo tatu na orodha ya modeli yako, hasa nodi mia mbili za juu.

Ikiwa orodha ya modeli inafanana sana na mojawapo, umeshapata jibu la kwanza: mtandao wako wa neva ni njia ya gharama kubwa ya kuhesabu viungo. Hili linatokea kuliko watu wanavyokubali kusema. Kwenye seti ya Elliptic ya miamala ya Bitcoin, iliyotolewa mwaka 2019 ikiwa na nodi 203,769 na viungo 234,355, makala iliyoitambulisha yenyewe ilionyesha Random Forest, mkusanyiko wa miti ya maamuzi, ikiishinda GCN, aina ya msingi ya mtandao wa neva wa grafu, na hapo lebo zilikuwepo. Mwaka 2022 ulinganisho mpana wa BOND uliweka mbinu nyingi zisizohitaji lebo kwenye mizani moja, na haikupatikana iliyoshinda kwenye seti zote. Usianze basi kwa imani kwamba grafu lazima isaidie. Iache ithibitishe.

Dalili: juu ya orodha wamejaa wakubwa wasio na hatia

Unafungua orodha na kukutana na mfanyabiashara mwenye wateja wengi kuliko wote, lango la malipo, akaunti ya kulipia mishahara, na anwani ya IP inayotumiwa na watu elfu kadhaa. Wachunguzi wanaifunga orodha siku ya kwanza na hawairudii.

Chanzo cha kawaida ni hesabu ya alama. Ukijumlisha makosa ya kujenga upya viungo vyote vya nodi, mwenye viungo vingi atakuwa na jumla kubwa hata kama kila kiungo chake kimejengwa vizuri. Kipimo chake ni rahisi: tafuta uwiano wa Spearman, unaolinganisha mpangilio wa orodha mbili, kati ya alama na idadi ya viungo. Ukikaribia 1, alama inasema habari moja tu.

Tiba ya kwanza ni kugawanya kosa la muundo kwa idadi ya viungo. Ya pili, ambayo mimi huipendelea, ni kupanga nodi kwenye ngazi kulingana na idadi ya viungo, kisha kumlinganisha kila mmoja na walio kwenye ngazi yake. Mfanyabiashara mwenye wateja elfu kumi apimwe dhidi ya wenzake wa kiwango hicho, si dhidi ya mtu mwenye miamala mitatu.

Lakini angalia kama tatizo halijaanzia mbali zaidi. Anwani moja ya IP ya mtandao wa simu inaweza kubeba maelfu ya wateja wasiojuana, kwa sababu kampuni za simu hugawa anwani moja kwa wengi. Ukiigeuza kuwa kiungo kati ya kila mteja na mwenzake, watu 5,000 wanakupa viungo karibu milioni 12.5 ambavyo havina maana yoyote. Usiunganishe akaunti moja kwa moja. Acha IP ibaki nodi yenyewe, ipe uzito unaopungua kadiri inavyotumiwa na wengi, na weka kikomo ambacho ukikivuka nodi hiyo inaondolewa kwenye upitishaji wa ujumbe, yaani hatua ambamo nodi hupokea taarifa za majirani zake. Kifaa kilichoshirikiwa na akaunti nne kinasema mengi kuliko IP iliyoshirikiwa na elfu nne.

Dalili: genge unalolijua lina alama za chini kuliko watu wa kawaida

Hapa ndipo penye mtihani, na ndipo wengi wanapokata tamaa bila sababu. Una genge moja ambalo timu ililigundua kwa njia nyingine: akaunti arobaini zilizofunguliwa wiki moja, zinatumia vifaa vichache, zinazungushiana pesa. Unatafuta alama zao ukitarajia ziwe kileleni. Unazikuta chini, tena zikiwa zimejipanga pamoja.

Modeli haijakosea. Imefanya kile ulichoiambia ifanye. Otoenkoda ya grafu hujenga upya kwa urahisi eneo lenye viungo vingi na sifa zinazofanana, kwa sababu vekta za nodi hizo (namba ambazo modeli huipa kila nodi) zinakaa karibu, na dikoda, sehemu inayojenga upya kwa kuzidisha vekta kwa vekta, inatabiri viungo kati yao bila shida. Genge lililoundwa kwa programu moja ni eneo la aina hiyo hasa. Mwenye kosa kubwa ni mtu mwaminifu mwenye maisha yasiyotabirika: leo ananunua dawa, kesho tiketi ya ndege, keshokutwa anamtumia ndugu pesa nje ya nchi.

Mafunzo ya ulinganishi nayo hayakuokoi. CoLA huuliza kama nodi inaendana na kipande cha grafu kinachoizunguka. Mwanagenge aliyezungukwa na wanagenge anaendana na jirani zake vizuri kabisa. Mbinu hiyo inamnasa mlaghai mmoja aliyeingia katikati ya watu waaminifu. Haikuundwa kwa ajili ya walaghai waliokaa pamoja.

Hakikisha kwanza kwamba hili ndilo linalokusibu. Chukua genge unalolijua, pima msongamano wa viungo ndani yake, kisha pima wastani wa kosa la kujenga upya. Msongamano mkubwa pamoja na kosa dogo ndiyo dalili ya tatizo hili. Kama huna genge lolote mkononi, tafuta vikundi vyote vyenye kosa dogo isivyo kawaida na uvisome kwa macho. Kosa dogo mno nalo ni habari.

Tiba ziko kadhaa, na sizipi uzito sawa.

Inayosaidia zaidi ni kuacha kupima nodi mojamoja na kuanza kupima vikundi. FRAUDAR ya mwaka 2016 haitumii mtandao wa neva hata kidogo. Inatafuta sehemu yenye msongamano mkubwa kwenye grafu ya pande mbili (mfano wateja upande huu, wafanyabiashara upande ule), huku ikipunguza uzito wa viungo vinavyoelekea kwa nodi maarufu ili mlaghai asijifiche kwa kujiunganisha nazo. Iendeshe sambamba na modeli yako. Kisha tumia vekta za modeli kufanya kile ambacho FRAUDAR haiwezi: kupanga vikundi vilivyopatikana kwa namna vinavyofanana ndani. Familia kubwa inayotumia kifaa kimoja ina msongamano pia, lakini watu wake wana umri tofauti wa akaunti, viwango tofauti vya pesa na saa tofauti za matumizi. Genge lina sare.

Ya pili ni muda. Wanaoendesha akaunti nyingi hupata shida kuficha mwendo wa pamoja: zinaamka saa ileile, zinalala saa ileile, pesa zinapita ndani ya dakika chache baada ya kuingia. Weka kwenye viungo sifa za muda, kama pengo kati ya kupokea na kutoa, badala ya kuhesabu miamala tu.

Ya tatu ni kuifanya modeli isijifunze sana. Kumbuka kwamba data ya mafunzo ina walaghai ndani yake, na otoenkoda yenye nafasi kubwa iliyofunzwa muda mrefu itawakariri kama inavyowakariri wengine wote. Punguza ukubwa wa vekta za katikati, funza kwa mizunguko michache, na ufiche sehemu ya viungo wakati wa mafunzo ili alama itokane na viungo ambavyo modeli haikuviona. Hii inasaidia kidogo kwa magenge makubwa na inasaidia zaidi kwa walaghai waliotawanyika.

Dalili: alama zote zinakaribiana, hakuna anayejitokeza

Unachora mgawanyo wa alama na kuona mlima mmoja mwembamba. Kuna vyanzo vitatu vinavyotoa picha hiyohiyo, na tiba ya kimoja haiponyi kingine, kwa hiyo usikimbilie kubadilisha modeli.

Cha kwanza ni kulainika kupita kiasi. Li, Han na Wu walionyesha mwaka 2018 kwamba tabaka la GCN ni namna ya kulainisha: kila nodi inasogea kuelekea wastani wa majirani zake. Rudia mara nyingi na nodi zote za sehemu moja ya grafu zinafanana. Pima mfanano wa kosaini (1 maana yake vekta mbili zinaelekea upande uleule) kati ya jozi za nodi zilizochaguliwa bila mpangilio, baada ya kila tabaka. Ukipanda kutoka tabaka hadi tabaka hadi kufika karibu na 1, umempata mhusika. Kwa kazi hii matabaka mawili yanatosha karibu kila mara. Sijaona sababu nzuri ya kuzidisha matatu kwenye grafu ya miamala, kwa kuwa hatua tatu kupitia mfanyabiashara mkubwa zinaweza kukufikisha kwa sehemu kubwa ya wateja wote.

Cha pili ni kuporomoka kwa vekta. Hapa mfanano ni mkubwa hata kwenye tabaka la kwanza, na hasara ya mafunzo imeshuka haraka mno. Modeli imepata njia ya mkato: inatoa vekta moja kwa wote, au inatumia pande chache tu za nafasi iliyopewa. Piga hesabu ya thamani singula za jedwali la vekta, zinazoonyesha kila upande unabeba kiasi gani. Kama chache za mwanzo zinabeba karibu kila kitu, hilo ndilo. Sababu yake ya kawaida ni mifano hasi (isiyoendana, ambayo modeli hufundishwa kuikataa) iliyo rahisi mno, au uharibifu wa makusudi wa data usiobadilisha chochote cha maana. DGI, kwa mfano, huchanganya sifa kati ya nodi ili kupata grafu bandia. Kama sifa zako nyingi ni sifuri kwa watu wengi, kuchanganya sifuri na sifuri hakuzalishi grafu tofauti, na modeli haina cha kujifunza.

Cha tatu ndicho kinachosahaulika. Mlaghai mjanja hajiungi na walaghai wenzake. Anajiunga na waaminifu: ananunua kutoka kwa wafanyabiashara halali, anatuma pesa kwa watu wa kawaida. Ukimchukulia wastani wa majirani zake, umemvika nguo zao. Tabia hii ya kujificha ndiyo iliyolengwa na CARE-GNN mwaka 2020, na kazi ya BWGNN ya mwaka 2022 ililieleza jambo hilohilo kwa lugha ya masafa: kuwepo kwa nodi zisizo za kawaida kunasogeza nishati ya ishara ya grafu kuelekea masafa ya juu, yaani kwenye tofauti kali kati ya jirani na jirani. GCN ya kawaida huchuja masafa hayo na kubakiza ya chini. Inatupa nafaka na kuhifadhi makapi.

Tiba yake haihitaji modeli mpya. Tenganisha sifa za nodi yenyewe na za majirani zake badala ya kuzichanganya, kama GraphSAGE inavyofanya kwa kuziunganisha upande kwa upande. Kisha ongeza safu ya sifa ambazo ni tofauti kati ya nodi na wastani wa majirani zake. Mara nyingi safu hiyo peke yake inaleta mabadiliko makubwa kuliko kubadilisha aina ya mtandao.

Ili kujua kati ya vyanzo hivi kipi ni chako bila kupoteza wiki, endesha mtandao uleule ukiwa haujafunzwa, wenye uzito wa bahati nasibu. Kama vekta zake zinatofautisha nodi vizuri kuliko za mtandao uliofunzwa, shida iko kwenye lengo la mafunzo. Kama zote mbili zimelainika, shida iko kwenye muundo au kwenye grafu.

Dalili: sifa moja inaamua kila kitu

Hii ni fupi. Kiasi cha pesa kina mkia mrefu: wengi wana kiasi kidogo, wachache wana kiasi kikubwa mno. Kosa la mraba juu ya kiasi hicho linafunika sifa nyingine zote, na orodha yako inageuka kuwa orodha ya matajiri. Chukua logariti ya kiasi kwanza, kisha sawazisha kwa wastani wa kati (thamani iliyo katikati ukizipanga zote) na upana wa robo (umbali kati ya robo ya kwanza na ya tatu), si kwa wastani wa kawaida unaovutwa na walio kileleni.

Angalia pia mahali palipokosa thamani. Ukijaza sifuri, umeunda kundi la watu wanaofanana kwa sababu tu fomu zao hazikujazwa. Ongeza sifa ya pembeni inayosema kwamba thamani ilikosekana. Na usiingize namba ya utambulisho wa akaunti kama sifa. Kwenye mifumo mingi namba hizo zinapanda kadiri muda unavyokwenda, kwa hiyo modeli inajifunza umri wa akaunti kwa mlango wa nyuma.

Jambo linalofanana na hili ni uzito kati ya kosa la sifa na kosa la muundo. DOMINANT na jamaa zake huchanganya makosa hayo mawili kwa namba moja ya uwiano. Kama kosa moja liko kwenye mamia na jingine kwenye sehemu ya kumi, kuweka nusu kwa nusu hakumaanishi nusu kwa nusu. Geuza kila kosa kuwa nafasi kwenye orodha, kisha changanya nafasi.

Dalili: kila ukifunza upya, orodha inabadilika

Badilisha mbegu ya bahati nasibu (namba inayoanzisha uchaguzi wa nasibu), funza tena, na uhesabu ni akaunti ngapi kati ya mia mbili za juu zimebaki. Kama robo tatu zimepotea, huna kigunduzi bado, haijalishi hasara ilishuka kiasi gani.

Mara nyingi kinachobadilika ni sampuli ya majirani. GraphSAGE ya mwaka 2017 ilichukua majirani 25 kwenye hatua ya kwanza na 10 kwenye ya pili, yaani nodi zisizozidi 276 kwa kila akaunti inayokokotolewa. Kwa mafunzo hiyo inatosha. Kwa kutoa alama haitoshi, maana mwenye majirani 8,000 anapimwa kwa 25 waliookotwa tu, na safari ijayo wataokotwa wengine. Wakati wa kutoa alama tumia majirani wote ikiwezekana. Isipowezekana, rudia sampuli mara kadhaa na uchukue wastani.

Kinachobaki baada ya hapo kinatibiwa kwa kufunza modeli kadhaa zenye mbegu tofauti na kuchukua wastani wa nafasi, si wa alama ghafi, kwa sababu alama ghafi za modeli mbili hazina kipimo kimoja. Akaunti ambayo iko juu kwa modeli zote inastahili muda wa mchunguzi. Ile inayopanda kwa moja na kushuka kwa nyingine isubiri.

Dalili: kumbukumbu inaisha kabla mafunzo hayajaanza

Dikoda ya otoenkoda ya grafu kwa asili hutabiri kila jozi ya nodi. Kwa nodi 100,000 hizo ni jozi bilioni 10, na kwa namba za baiti nne unahitaji takriban gigabaiti 40 kwa jedwali moja, kabla ya kuhesabu gradienti. Kununua GPU kubwa zaidi si jibu, kwa kuwa ukiongeza nodi mara mbili, kumbukumbu inaongezeka mara nne.

Tabiri viungo vilivyopo pamoja na sampuli ya visivyokuwepo. Ila chagua kwa akili hivyo visivyokuwepo. Ukiokota jozi yoyote kutoka grafu nzima, nodi hizo mbili ziko mbali mno hata mtoto angejua hazijaunganishwa, na modeli inajifunza kutofautisha mtaa na mtaa badala ya mtu na mtu. Changanya: baadhi kutoka popote, baadhi kutoka hatua mbili tu mbali na nodi yenyewe.

Dalili: kwenye majaribio ilikuwa nzuri, kazini ni bure

Uliza kwanza majaribio yalifanywa juu ya nini. Kwa kuwa lebo hazipo, wengi hupandikiza walaghai bandia. Njia iliyozoeleka ni kuchukua nodi 15 hivi na kuziunganisha zote kwa zote ili kupata hitilafu ya muundo. Kwa hitilafu ya sifa, nodi inapewa sifa za yule aliye mbali nayo zaidi kati ya wagombea 50. Njia hii ina tundu. Kuunganisha zote kwa zote kunapandisha idadi ya viungo, na kumchagua aliye mbali zaidi kunaelekea kumpata mwenye vekta kubwa. Ndiyo maana nilisisitiza vile vipimo vitatu vya kijinga mwanzoni: juu ya data iliyopandikizwa hivyo, kuhesabu viungo na kupima ukubwa wa vekta kunaweza kufua dafu dhidi ya mitandao yote ya neva. Ukipandikiza, hakikisha idadi ya viungo na ukubwa wa vekta vinabaki kama vilivyokuwa. Ondoa kiungo cha zamani kwa kila kipya unachoongeza.

Pili, angalia kipimo. Eneo chini ya kurva ya ROC, inayolinganisha walaghai walionaswa na waaminifu waliosingiziwa, linavutia na linadanganya. Chukua akaunti milioni moja, walaghai 1,000 kati yao. Modeli inawanasa 900 na kuwasingizia asilimia 5 tu ya waaminifu. Kwenye kurva hiyo ni modeli nzuri sana. Kwenye meza ya wachunguzi ni kesi 50,850, ambazo 900 tu ndizo za kweli, yaani chini ya 2 kwa kila 100. Pima usahihi ndani ya idadi ya kesi ambayo timu inaweza kuifungua kwa siku. Kama wanaweza 200, basi dunia yako ni hizo 200.

Tatu, angalia kama wakati ujao umevuja. Ukijenga grafu moja ya miezi sita na kutoa alama za mwezi wa pili, viungo vya mwezi wa tano vimeshapitisha ujumbe wao. Jenga grafu kwa kile kilichokuwa kinajulikana siku ile tu. Na hata ukifanya hivyo, dunia inahama. Kwenye Elliptic, yenye vipindi 49 vya muda, soko moja la magendo lilifungwa kwenye kipindi cha 43, na kuanzia hapo modeli zote zilizopimwa ziliporomoka, ingawa zilifunzwa kwa lebo. Kwa hiyo fuatilia kila wiki mgawanyo wa alama na wa idadi ya viungo. Ukihama ghafla, tafuta kwanza kama kuna mabadiliko upande wa mfumo wa data, maana huduma mpya au sheria mpya ya kuhifadhi taarifa za vifaa inabadilisha grafu kuliko mlaghai yeyote.

Dalili: umebadilisha kitu, na hujui kama imepona

Bila lebo, huwezi kujua kwa kutazama hasara. Hasara ya chini inasema modeli inaijenga grafu vizuri, na tumeona kwamba genge nalo linajengwa vizuri.

Kinachofanya kazi ni kupata lebo chache kwa makusudi. Kila wiki, wape wachunguzi kesi za juu za modeli ya zamani, za juu za modeli mpya, na akaunti kadhaa zilizookotwa bila mpangilio wowote, zote zikiwa zimechanganywa bila kuwaambia ipi imetoka wapi. Zile zilizookotwa ndizo watu huzikata kwanza kwa kuona zinapoteza muda. Usizikate. Bila hizo huna njia ya kukadiria unachokikosa, na baada ya miezi kadhaa data yako itakuwa na walaghai wa aina ileile tu ambayo modeli ilishazoea kuitafuta.

Malalamiko ya wateja na malipo yaliyorudishwa yatakuja kwa kuchelewa, pengine wiki kadhaa baada ya tukio. Yahifadhi pamoja na tarehe mbili: ya muamala na ya malalamiko kufika. Usiyatumie kufunza bado. Yatumie kupima tu, na pale tu ambapo muda wa kuchelewa umepita, la sivyo utahesabu kuwa waaminifu watu ambao malalamiko yao yako njiani.

Na kila kesi unayompelekea mchunguzi iambatane na kipande cha grafu kilichoipandisha: viungo vichache vyenye kosa kubwa, vifaa vilivyoshirikiwa, saa za miamala. Akijibu «siyo», mwombe aonyeshe kiungo kilichoipotosha modeli. Majibu ya namna hiyo yakirundikana juu ya aina moja ya kiungo, umeshajua cha kuondoa kwenye grafu kabla ya mafunzo yajayo.